Mlingoti wa Bagamoyo

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya vita vya Mrima vya mwaka 1888 na 1889, ambavyo vitabuni huitwa Vita vya Abushiri, na ambavyo wazee wa Pwani waliviita vita vya Wadachi, maana siku zile Wajerumani waliitwa Wadachi. Habari za mapigano yenyewe nitazipitia upesi. Ninalotaka kueleza ni jinsi wakubwa wachache, baadhi yao wakikaa mbali sana na Bagamoyo wala hawakupata kuiona maisha yao yote, walivyofikiri juu ya nguvu: ni nani aitumie, gharama yake ilipwe na nani, na itangulie maneno au iyafuate. Watu wengi hudhani vita hivi vilitokea kwa kuwa Dola ya Ujerumani ilitaka vita. Sivyo. Mkubwa wa Dola ile hakutaka vita hata kidogo, na hilo ndilo linaloifanya habari hii istahili kufikiriwa.

Tuanze na mlingoti. Penye nyumba ya Liwali wa Bagamoyo palisimama mlingoti, na juu yake ilipepea bendera nyekundu ya Seyyid wa Unguja. Katikati ya Agosti 1888 Kampani ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilishika forodha za Mrima kwa mkataba iliopatana na Seyyid, na mkataba ule ulisema wazi kwamba Kampani itatawala kwa jina la Seyyid na chini ya bendera yake. Walakini wakuu wa Kampani hawakutaka bendera ikae kwa Liwali. Walitaka ikae kwao, ili kila mtu aone mamlaka yamehamia wapi. Liwali Amir bin Sulaiman akajibu kwamba hana amri ya bwana wake, na pasipo amri hawezi kuishusha. Jawabu hilo ni la mtumishi mwaminifu. Yeyote kati yetu aliyepata kufanya kazi chini ya mkubwa angejibu vivyo hivyo. Unguja si mbali. Chombo kingeenda na kurudi na barua ya Seyyid kwa siku mbili tatu, na jambo lingekwisha kwa wino na karatasi. Lakini manowari ilikuwa karibu. Wakashuka askari wa manowari, na mlingoti ukakatwa.

Bagamoyo siku zile ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara itokayo bara. Walikuwamo Washomvi na Wazaramo, Waarabu na Wahindi, na Wanyamwezi walioshuka na pembe za ndovu kwa maelfu. Watu wa namna hiyo hawakosi kujua maana ya mlingoti uliokatwa, na habari ya mji kama ule haikai mjini.

Sasa yafaa tuulize: wafanya biashara walipata wapi ujasiri wa kumtendea hivyo Liwali, hali hawakuwa na jeshi lao wenyewe? Kulijibu swali hili hatuna budi kurudi nyuma miaka 15.

Mwaka 1873 Waingereza walimtaka Seyyid Barghash bin Said azuie kabisa kusafirisha watumwa kwa bahari, na kulifunga soko la watumwa la Unguja. Kwanza alikataa. Kisha akaonywa kwamba manowari zitauzunguka mji wake, na chombo hakitaingia wala kutoka. Tarehe 5 Juni akatia sahihi. Jambo lenyewe lilikuwa jema, nasi tuliosoma katika shule za misioni, ambazo nyingine zilianza kwa kulea watoto waliokombolewa utumwani, hatuwezi kulililia soko lile. Ila msomaji wa historia lazima atazame na njia pia. Barghash alijifunza ya kuwa manowari zikija hutiwa sahihi, na mtu akiisha kutia sahihi hubaki na kiti chake. Na wengine waliokuwa wakitazama kando wakajifunza neno hilo hilo juu yake.

Miaka 11 ikapita. Mwezi wa Novemba 1884 kijana wa Kijerumani jina lake Carl Peters, umri wake miaka 28, alivuka kutoka Unguja pamoja na wenzake wachache, akaingia bara kwa njia ya Saadani. Serikali yake mwenyewe ilikuwa imempasha habari kwamba haitamlinda. Kwa majuma machache akapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, akiwatia majumbe mikono katika karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua, akarudi Ulaya kwa haraka. Na mwisho wa Februari 1885, mara tu mkutano wa mataifa uliokutana Berlin ulipokwisha, Serikali ile ile iliyokataa kumlinda ikampa hati ya himaya ya Kaisari juu ya nchi zile zote.

Seyyid Barghash akapeleka simu kwa Kaisari kulalamika, tena akatuma askari bara waimarishe bendera yake. Jawabu likaja kwa bahari. Tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja, mizinga yao ikielekea jumba la Seyyid. Baada ya siku chache Barghash akakubali yote.

Kila nifundishapo habari hii, hapa ndipo mwanafunzi mmoja huinuka akauliza, na mara nyingi ni yule mkali wa nyuma: Je, Mwalimu, Seyyid Barghash alikuwa mwoga? Darasa hucheka, kisha hunyamaza, maana wote wataka kujua. Nami hujibu hivi. Mtu ambaye mji wake wote, jumba lake, forodha yake na watoto wake wamo chini ya mizinga, tena hana manowari za kulinganisha na zile, hawi mwoga akikataa kuuteketeza mji kwa ajili ya fahari. Hesabu yake ilikuwa sawa. Kosa lake ni jingine. Alitumaini kwamba Waingereza, walioshauriana naye miaka mingi kwa mkono wa Balozi wao Sir John Kirk, watasimama upande wake siku ya shida. Lakini Gladstone, Waziri Mkuu wao, alikuwa na taabu zake Misri, nchi ambayo askari wake waliishika tangu 1882, akahitaji Wajerumani wasimpinge huko. Mwezi wa Machi 1885 alisema mbele ya Bunge kwamba Wajerumani wakitaka makoloni, yeye anawatakia heri. Kirk akaagizwa asiwazuie. Hivyo mambo ya Usagara yaliamuliwa kwa ajili ya mto Nile.

Tena liko kosa la pili, nalo ni kubwa zaidi. Barghash alipoinama, aliinamisha na vichwa ambavyo havikuwa vyake. Watu wa Mrima waliipandisha bendera ya Seyyid, walipokea maliwali wake na kulipa ushuru forodhani. Lakini hawakuwa wafungwa wake. Huko Saadani alikuwako Bwana Heri bin Juma, ambaye mwaka 1882 aliyarudisha nyuma majeshi ya Barghash mwenyewe. Mtu wa namna hii, akisikia kwamba Seyyid ameogopa manowari, hasemi, Nami niogope. Husema, Hayo ni ya Seyyid.

Neno hili dogo ndilo ambalo wakubwa wa Ulaya hawakulifahamu, na hapo wengi walikufa.

Sasa tumtazame mkubwa mwenyewe, Otto von Bismarck, Waziri Mkuu wa Dola ya Ujerumani. Jina lake limefungamana na vita. Alipiganisha Wadenmarki mwaka 1864, Waaustria 1866, na Wafaransa 1870, akaziunganisha nchi za Wajerumani kuwa dola moja mwaka 1871. Ni yeye aliyenena juu ya chuma na damu. Lakini tangu 1871 alikuwa mtu wa hadhari, kama mkulima aliyekwisha kuvuna naye sasa analinda ghala. Alihofu Ufaransa upande huu na Urusi upande ule. Msafiri mmoja alipomwonyesha habari za Afrika, mwaka ule ule wa 1888, alimjibu kwamba ramani yake ya Afrika imo Ulaya. Makoloni hakuyapenda, kwa kuwa hula fedha za Serikali. Aliyakubali kwa shuruti hii: wafanya biashara watawale wenyewe, kwa gharama yao wenyewe, kama Wangereza wa zamani walivyofanya Bara Hindi kwa kampani yao, na Serikali itatoa hati, na mara moja moja manowari ya kuonyesha.

Mtasema, hiyo ni hekima, kwani mtu huyu anaiwekea nguvu mipaka. Nami kwa muda mrefu niliona hivyo. Sasa naona vingine. Nguvu ya kuonyesha ni rahisi, na kwa kuwa ni rahisi huazimwa ovyo. Wakuu wa Kampani hawakuwa na askari wa kutosha kulinda hata nyumba moja kwa mwezi mzima, lakini walikuwa na manowari ya kuazima kwa saa moja. Mtu mwenye askari wake hufikiri kesho atawalisha nini na watakufa wangapi. Mwenye kuazima hafikiri hayo. Hukata mlingoti, kisha manowari huondoka, naye hubaki mjini peke yake na watu aliowatukana. Ndivyo hadhari ya mkubwa Berlin ilivyokuwa ujeuri wa mdogo Bagamoyo.

Basi turudi kwenye safu ya miaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi ya bara, wakamwachia Seyyid pwani upana wake maili 10. Barghash akafa Machi 1888. Ndugu yake Seyyid Khalifa bin Said akatawala, na mwezi uliofuata, tarehe 28 Aprili, akatia sahihi mkataba wa kuikodisha pwani ya Mrima kwa Kampani muda wa miaka 50. Mtu mpya katika kiti, mwenye kujua yaliyompata ndugu yake! Mkataba huo ulikabidhi forodha, na utawala, na hukumu. Kampani ikaanza mara moja kuwataka watu walete hati za mashamba yao, hali mashamba mengi ya Pwani hayakuwa na hati ila kumbukumbu ya majirani.

Huko Pangani mambo yalikuwa mabaya kuliko Bagamoyo. Mkuu wa Kampani aliyepelekwa huko aliitwa Emil von Zelewski, kijana aliyekuwa afisa wa jeshi, na watu wakampa jina la Nyundo. Naye aligombana na Liwali juu ya bendera, naye akaita manowari, wakashuka askari wapatao mia. Siku zile zilikuwa siku za Idi ya Mfungo Tatu. Yasimuliwa kwamba Wadachi waliingia msikitini na viatu vyao, na mbwa pamoja nao, wakimtafuta Liwali. Mimi ni Mkristo, lakini sihitaji kuambiwa na mtu jinsi jambo hilo lilivyopokewa. Manowari ikaondoka, kama kawaida yake. Mapema Septemba watu wa Pangani wakamfungia Zelewski na wenzake katika nyumba, wakatolewa kwa msaada wa askari wa Seyyid. Seyyid akamtuma Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, awatulize watu wa Pangani. Akaona mwenyewe ya kuwa jina la Seyyid halitulizi tena mtu, akarudi.

Hapo ndipo aliposimama Abushiri bin Salim, wa kabila la al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa karibu na Pangani. Jamaa zake walikuwa na ugomvi wa zamani na nyumba ya Seyyid, kwa hiyo hakuona haya kusema kwamba Seyyid ameiuza nchi. Ndani ya mwezi mmoja Kampani ilipoteza karibu kila mji, kutoka Tanga mpaka Mikindani. Kilwa Wajerumani wawili waliuawa. Bagamoyo ulishambuliwa tarehe 22 Septemba. Manowari Leipzig ikashusha watu 260, na zaidi ya watu 100 wa upande wa pili wakauawa siku hiyo. Maelfu ya watu waliukimbia mji, wakajisitiri katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyokuwapo tangu 1868. Mwisho wa mwaka Kampani ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, nako ni kwa mizinga ya baharini.

Si haki kumfanya Abushiri kuwa malaika. Alikuwa na watumwa shambani kwake, na wafuasi wake walifanya mabaya. Januari 1889 waliishambulia misioni ya Wabenediktini ya Pugu, wamisionari wengine wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Hata hivyo ukitazama jinsi alivyoitumia nguvu, utaona alikuwa na mpaka. Hakuigusa misioni ya Bagamoyo. Alimpa ulinzi Askofu Smythies wa Misioni ya Vyuo Vikuu alipopita Pangani. Wasafiri wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, aliwakamata, akawafunga minyororo, kisha akawaachia kwa fidia. Na mateka wa Pugu pia walirudi kwa fidia, Mapadre wa Bagamoyo wakiwa katikati. Fidia si jambo zuri. Lakini mwenye kuchukua fidia ni mtu anayetazamia kuzungumza kesho. Kwake yeye vita vilikuwa njia ya kufikia meza.

Na Bismarck je? Kampani aliyotumaini itajilipia yenyewe ilikuwa imekufa mikononi mwake. Angaliweza kuiacha. Yakini aliwaza hivyo, maana hakuipenda. Lakini bendera ilikuwa imefukuzwa mbele ya macho ya mataifa, na mtu aliyeishi kwa kuogopwa huona kuwa hawezi kuacha kuogopwa hata siku moja. Ikawa shida ni fedha, kwa kuwa Bunge la Wajerumani halikupenda kutoa hata marki moja kwa ajili ya hasara ya wafanya biashara. Hapo akapata sababu. Mwaka ule Kadinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, na mioyo ya watu ilikuwa imewaka. Basi vita vya Mrima vikaitwa vita vya kukomesha biashara ya watumwa. Chama cha Wakatoliki Bungeni kikaunga mkono. Tarehe 2 Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza zikaifunga pwani. Lord Salisbury wa Uingereza alikubali kushirikiana, kwa kuwa aliye pamoja nawe majini unaweza kumwona anachofanya. Na tarehe 30 Januari 1889 Bunge likatoa marki milioni 2.

Biashara ya watumwa ilikuwako kweli, na ilikuwa uovu. Lakini Liwali Amir hakukatiwa mlingoti kwa ajili ya watumwa. Tena utumwa wenyewe ndani ya nchi uliendelea kuwa halali siku zote za utawala wa Wajerumani, hata sheria ya 1922, chini ya Wangereza, ilipoukomesha Tanganyika. Mwenye kusoma historia na azitazame kwa makini sababu zinazofika baada ya vita kuanza.

Aliyekabidhiwa kazi alikuwa Hermann Wissmann, mtu wa miaka 35. Huyu hakuwa mgeni. Alikuwa ameivuka Afrika kutoka Luanda, na mwezi wa Novemba 1882 alitokea baharini pale pale Saadani kwa Bwana Heri. Yasemekana Bismarck hakumpa maagizo marefu, ila kwamba ashinde. Akaandika askari Wasudani huko Misri, tena watu wa Msumbiji walioitwa Wazulu, akafika mwisho wa Machi 1889.

Na hapa, wasikilizaji wangu, nawaomba mtulie kidogo. Wissmann alipofika hapakuwa na mapigano. Admirali Deinhard, mkuu wa manowari za Kijerumani, alikuwa amepatana na Abushiri kusimamisha vita, na maneno yalikuwa yakiendelea. Abushiri alikuwa katika boma lake la miti nje ya Bagamoyo, akingoja majibu. Mjumbe alikuwa akienda na kurudi. Sisemi kwamba mapatano yale yangaleta amani ya kudumu, maana Abushiri alitaka mengi. Nasema tu kwamba mlango ulikuwa wazi, na aliyeufunga alikuwa Wissmann. Aliona kwamba kupatana na mtu aliyeifukuza bendera ni aibu, na kwamba maneno yatasikiwa vema zaidi baada ya ushindi. Admirali, mtu wa manowari kubwa na mizinga mizito, alikuwa tayari kuzungumza. Afisa mwenye jeshi jipya lililokwisha kulipiwa hakuwa tayari. Tarehe 8 Mei boma likashambuliwa. Watu zaidi ya 100 wa Abushiri wakafa, naye akaponyoka. Mwezi wa Juni Saadani ukapigwa mizinga na kuchomwa moto, mji ule ule uliompokea Wissmann alipotoka safarini amechoka. Julai Pangani na Tanga zikatwaliwa.

Abushiri akaingia bara, akashambulia kituo cha Mpwapwa, kisha akarudi Pwani na Wambunga, ambao watu waliwaita Mafiti. Hapa nguvu yake nayo ilipoteza mpaka, kwani Wambunga hawakujua tofauti ya Mdachi na mwanakijiji wa Uzaramo. Wakachoma vijiji na kuua, na watu waliomwunga mkono mwaka uliopita wakamchoka. Oktoba Wambunga wakashindwa. Zawadi kubwa ya fedha ikatangazwa kwa atakayemleta. Tarehe 4 Desemba 1889 Stanley na Emin Pasha walifika Bagamoyo kutoka bara, wakafanyiwa karamu kubwa. Na Abushiri wakati ule alikuwa akitanga mwituni karibu peke yake. Jumbe Magaya akamtoa. Tarehe 15 Desemba akanyongwa Pangani.

Sasa msikilize yaliyompata mwenzake. Bwana Heri alipigana kwa muda mrefu kuliko Abushiri. Alijenga boma baada ya boma, na kila lilipovunjwa alihamia jingine. Mpaka Aprili 1890 watu wake walikuwa hawana chakula, akaja Saadani kujisalimisha. Ingalikuwa desturi ile ya Desemba, angalinyongwa. Wissmann akamsamehe, akamwacha aujenge tena mji wake. Kwa nini? Wissmann alikuwa yule yule, na Bwana Heri alikuwa ameua askari wengi wa Wadachi. Ila sasa ilikuwa dhahiri kwamba Saadani bila watu hautoi ushuru, wala misafara haipiti katika nchi iliyoungua, na Bwana Heri peke yake ndiye aliyeweza kuwaita Wazigua warudi. Jambo hili huwachanganya wanafunzi wangu. Wao hudhani msamaha ulitokana na moyo wa huruma, na kunyongwa kulitokana na moyo wa ukatili. Mimi nadhani vyote viwili vilitoka katika hesabu, ila hesabu ya pili ilifanywa na mtu aliyekwisha kuona gharama. Jambo lililowezekana mwezi wa Aprili 1890 kwa Bwana Heri liliwezekana mwezi wa Aprili 1889 kwa Abushiri, na boma lake halikuwa mbali na Bagamoyo.

Yaliyofuata yaliamuliwa Ulaya. Bismarck aliondolewa kazini Machi 1890. Tarehe 1 Julai Wangereza na Wajerumani walifanya mkataba, Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Wangereza, na Mrima ukanunuliwa kutoka kwa Seyyid kwa marki milioni 4. Tangu 1 Januari 1891 Dola ya Ujerumani ilishika yenyewe kazi ambayo Bismarck aliapa kuwaachia wafanya biashara. Huko Tanga, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita hivi, akaupa jina la vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Na neno hilo la kutamalaki, atakayelitafakari ataona limechaguliwa vizuri. Bagamoyo yapo hata leo makaburi ya Wadachi karibu na ufuko, na majina yameandikwa juu yake. Ya wale waliokufa 22 Septemba mimi sijapata kuliona jiwe lenye jina.

Nimebakiza mtu mmoja. Zelewski wa Pangani hakufukuzwa kazi kwa yale aliyoyafanya siku za Idi. Aliingia katika jeshi la Wissmann, na baadaye akawa mkuu wa jeshi zima la Wajerumani katika nchi hii. Mwaka 1891 alipelekwa kuwaadhibu Wahehe. Yasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa alituma wajumbe wazungumze naye, nao wakapigwa risasi kabla ya kusema neno. Tarehe 17 Agosti, miaka mitatu tangu mwezi ule wa mlingoti, jeshi lake lilikuwa likipita Lugalo kwa safu ndefu, Wahehe wakatoka majanini na mikuki. Zelewski akauawa pale pamoja na Wajerumani wenzake na zaidi ya askari mia mbili, katika muda mfupi kuliko huu niliotumia kuzungumza nanyi. Vita vya Uhehe vikaendelea mpaka Julai 1898.